Mikono ya Isihaka

S.L.P. 47,
Kasulu.
17 Desemba 2025.

Mpendwa kaka Salumu,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo wote na joto la Tanga halijawamaliza. Huku mvua haikatiki, maharage yanaozea shambani. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa.

Usishangae kupata barua. Simu ya nyumbani anashinda nayo Isihaka, na habari hii ni yake. Saady muuza vitenge anakwenda kwao huko, nimemkabidhi mkononi.

Tangu mdogo wetu arudi kutoka Dar, mama anamsifu kwa majirani. Anatia udhu chumbani kabla ya kwenda msikitini, anafukiza udi asubuhi na jioni, na kanzu haimtoki mwilini. Mama anasema mwanawe amerudi mcha Mungu. Nami nikaamini, nikawa namtania kwa kumwita shehe.

Ijumaa nilimpelekea birika la maji, nikaingia bila hodi. Kaka, mikono ile! Vidonda kutoka kiwiko hadi kiganja, vyeusi katikati, nyama imelika. Kumbe udi ulikuwa wa kuficha harufu. Alikiri kwamba anajidunga unga, na huu anaoletewa siku hizi umechanganywa na kitu asichokijua. Hata mguuni, ambako hajawahi kujidunga, ngozi inaoza.

Nilimweleza Jeanne, yule muuguzi jirani yetu, bila kutaja jina. Akashika mdomo.

"Mana yanje, Mungu wangu, Swaumu! Huyo mtu mlete leo, vinatibika hivyo. Akichelewa watamkata mkono, au sumu imwingie kwenye damu."

Isihaka hataki. Anaogopa polisi, na anaogopa zaidi mama asije akajua. Tangu jana ana homa. Mimi naogopa, kaka, naogopa sana. Akinyamaza tu chumbani naenda kutega sikio mlangoni.

Msalimie wifi Mwanaamina na watoto. Mama anawaombea kheri kila swala, angejua, dua zote angemwekea huyu aliye chumba cha pili.

Asubuhi ya leo Isihaka amenishika upindo wa kanga akaniambia, "Nikifa, wasinioshe watu wa msikitini. Aje kaka Salumu, afunge mlango, anioshe yeye."

Hamsikilizi mwingine ila wewe. Usingoje kuitwa kwa kazi hiyo, kaka. Panda basi uje umwoshe mikono angali akisikia maji.

Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Swaumu