Tremaine Akimbie au Asikimbie

Jumamosi, 7 Septemba

Mzima. Naanza na hilo. Mjukuu wangu ni mzima.

Tumeshinda, lakini sijui kwa ngapi na sitaki kujua. Nilichoona ni kimoja tu. Tremaine kaukumbatia mpira, kakimbia nao peke yake, na badala ya kutoka nje ya mstari akainamisha kichwa akawaingia watu wawili wazito kama majokofu. Helmeti ikaruka huku, yeye akaanguka kule. Uwanja mzima ukasimama. Kisha akainuka anacheka, anatikisa bega kama mtu aliyemwagiwa maji, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeubana mkono wa rafiki yangu Earline bila kujua. Kaniambia hadi tunafika nyumbani vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Katika mpira wetu huu wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza, na kazi yake ni kuurusha. Ana wakimbiaji wa kumpa mpira, ana warefu wa kumdakia. Sasa yeye anakimbia nao kwenda wapi?

Nimevua viatu. Nimekunywa chai baridi yangu yenye sukari ambayo daktari amekataza. Mzima. Asante Yesu.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani leo hakuna aliyesikia mahubiri. Baada ya ibada wanaume wote wamejazana kwenye ngazi — Tremaine, Tremaine. Shemasi Tubbs kasema kijana akikimbia mara mbili ya jana, chuo chetu kitachukua ubingwa. Wenzake wakaitikia kuliko walivyoitikia mahubiri.

Nikamwambia, Shemasi, wewe ukipanda ngazi hizi za kanisa unapumzika katikati. Usimtume mtoto wa mtu mbio.

Kasema, "Dada Ozella, zamani kwenye besiboli hakuna aliyenishika mimi." Nikamwambia waliokuwa wanamfukuza wote wamekufa, kwa hiyo hatuna shahidi. Mchungaji kacheka hadi kakohoa.

Jumatatu, 9 Septemba

Redioni mtu kapiga simu, anataka Tremaine akimbie kila mpira. Nimezima redio.

Nimeiwasha tena.

Mwingine kasema hapana, atavunjika. Huyo nilitaka nimpelekee keki.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemfuata Kocha Gaddis chuoni. Earline ndiye kaendesha, na njia nzima ananiambia bibi wa mchezaji haendi kwa kocha, kijana atachekwa. Nikasema achekwe akiwa na shingo nzima. Nilibeba kambare wa kukaanga na chupa ya pilipili, maana siwezi kwenda kugomba na mtu mikono mitupu.

Kocha ni mdogo kwa wanangu. Kipara, macho ya mtu asiyelala. Nikamwambia bila kuzunguka: acha kumtuma mjukuu wangu machinjioni. Yeye akala kipande kwanza, akafuta vidole, ndipo akajibu. Kumbe mchezo ule alimwagiza arushe! Mbio kaamua mwenyewe. Kasema tangu mwaka jana anamwambia neno moja: ukikimbia, watu wakikukaribia, kaa chini. Teleza kwa makalio, miguu mbele. Filimbi inalia, na hakuna mwenye ruhusa ya kukugusa. Sheria imewekwa kwa ajili ya makwotabeki, wasiuawe. Tremaine hataki.

"Bi Ozella," kasema, "sijapata kufundisha mtu anayekimbia hivi. Lakini hajui kuacha. Mimi mwenyewe naogopa. Jumamosi hii simruhusu hata hatua moja."

Ningeweza kumbusu kipara chake. Nimerudi mwepesi, naimba. Earline kasema naimba kama geti lenye kutu.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumefungwa. Hilo si kitu.

Tremaine hakukimbia. Kocha katimiza neno lake. Mtoto kasimama pale nyuma kama nguzo, anatafuta wa kumrushia, na wale wa upande wa pili walipogundua kwamba haendi popote, wote wakamjia. Kaangushwa. Kaangushwa tena. Sikuhesabu, niliangalia viatu vyangu. Akikimbia angalau anawaona wanakuja. Akisimama wanamtokea mgongoni.

Nami ndiye niliyeimba Jumanne. Basi usalama wenyewe ndio huu?

Dakika za mwisho kocha kamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, yule wa Texas mwenye mkono mrefu. Tremaine kasimama kando ya mstari, taulo kichwani. Watu wa nyuma yetu wakasema afadhali. Earline kanishika sketi nisisimame.

Jumapili, 15 Septemba

Tremaine kaja nyumbani. Nimempakulia kunde na mkate wa mahindi, hajagusa. Huyu anayekula kama moto!

Nikakaa mbele yake hadi kasema. Huenda wa Texas akaanza yeye Jumamosi ijayo, na ukishakaa benchi mwaka wa tatu hutoki tena. Kasema, "Bibi, mikono yangu ni ya kawaida. Miguu ndiyo imenifikisha chuoni."

Ni kweli. Mimi sikuketi darasani hata siku moja, nilikuwa shambani nachuma pamba. Earline kanifundisha kuandika nikiwa na wajukuu tayari, kwenye meza hii hii. Huyu ndiye wa kwanza wetu kukanyaga chuo, na kaingia akikimbia. Sasa mimi nataka asikimbie, na asipokimbia ananyauka mbele ya macho yangu, na anapigwa vilevile.

Nikamwuliza, kwa nini hukai chini kama kocha anavyokwambia? Akaangalia picha ya marehemu mume wangu Roscoe ukutani, na mpira wake kwapani.

"Babu hakuwahi kukaa chini."

Nikaondoa sahani yake, sikugomba. Mimi! Earline hataamini.

Jumatatu, 16 Septemba

Nguo zangu zimelowa, kunde zangu zimeharibika, na nina furaha.

Jumatatu hawana mazoezi. Nimemwamsha mapema, nikamwambia avae kaptura mbovu. Lile turubai la bluu tulilofunikia paa mwaka wa kimbunga, nimelitandaza uani. Nimemwaga sabuni ya vyombo, chupa nzima, na kufungulia maji. Tremaine kaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Nikamwambia nimekunywa, kimbia.

Kakimbia. Kalala kifudifudi. Tena — kifudifudi. Miguu inakataa kutangulia, kichwa kinataka kufika kwanza kama cha beberu. Majirani wakaanza kutoka. Shemasi Tubbs kapita na gari, kapunguza mwendo, karudi nyuma, kashuka. Kaangalia kidogo, kisha uzalendo ukamshinda. Kavua viatu. Kanikabidhi miwani. Kafikiri, kanikabidhi na meno.

Sikuwahi kuona jambo kama lile. Mzee wa miaka sabini kaenda kama siagi kwenye kikaango! Mguu mmoja kaukunja chini ya mwingine, kama walivyoteleza zamani kwenye besiboli, mikono juu, safi kabisa, isipokuwa turubai lilikwisha na yeye bado anakwenda. Kasimama katikati ya kunde zangu. Akasema bila meno, kijana, umeona ulivyo mguu wa chini? Tremaine alicheka hadi akakaa kwenye maji. Sijamwona akicheka hivyo tangu majira ya joto.

Lakini alipojaribu tena, kichwa tena.

Nikafunga maji. Shemasi akajifanya anatafuta soksi zake. Nikamwuliza Tremaine anaogopa nini.

"Nikikaa chini watasema mimi mwoga, Bibi."

"Nani atasema?"

"Wote. Kila nikienda kinyozi wananihadithia babu. Watu wanne mgongoni na hakwenda chini."

"Ni kweli, hakwenda chini," nikamwambia. "Wanakuhadithia mbio. Hakuna anayeniuliza mimi niliyekuwa namvisha soksi kila asubuhi, na alikuwa hajafika hata miaka arobaini."

Akanitazama. Kasema hakujua hilo.

"Mama yako alipokuwa mchanga akilia sakafuni, Roscoe alikuwa anamwimbia kutoka kwenye kiti. Aliimba vizuri. Kumwokota hakuweza, mgongo wake mpira ulishauharibu."

Tremaine akainamia turubai. Matone yalikuwa yanamtoka puani, sijui ya bomba au yake, sikuuliza. Karudi mwisho wa uani, kafungua maji mwenyewe, kakimbia. Na mguu ukakunjika. Kateleza hadi miguuni pangu, uso unatazama mbingu, sabuni mpaka masikioni.

Shemasi akapiga makofi. Mimi nikamwambia, tena.

Tulirudia hadi majani yakafa. Kala sahani tatu za kuku. Meno ya Shemasi nimeyapata mfukoni mwa aproni jioni hii. Nimempigia simu, kasema alidhani amezaliwa upya, bila meno.

Jumatano, 18 Septemba

Tremaine kapiga simu. Kamwonyesha kocha anavyoteleza. Kocha kasema mazoezini si kitu, huko wanamvisha jezi nyekundu na hakuna anayeruhusiwa kumgusa, hata mimi bibi kizee ningeteleza. Lakini anampa nafasi. Jumamosi ataanza yeye, na akiona njia iko wazi akimbie. Akiinamisha kichwa mara moja tu — benchi, na wa Texas anaingia.

Nimemwuliza, ukamjibu nini?

"Nimesema sawa, kocha."

Na mimi unaniambia nini?

"Sawa, Bibi." Hiyo ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Nimeisikia.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekaanga kuku. Nimeoka pai ya viazi vitamu. Nimekaanga kuku tena. Earline kasema hata jeshi halitamaliza. Mikono yangu haitaki kutulia, basi.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika ndani ya gari la Earline. Tumeegesha kwenye kilima, nyuma ya uzio, uwanja wote unaonekana. Radi imepiga karibu, king'ora kimelia, wametoa watu wote, wachezaji wameingizwa ndani. Mechi imesimama hadi mbingu itulie. Nisipoandika nitamng'ata mtu.

Kakimbia mchana kutwa! Mara ya kwanza nilifumba macho. Nikasikia uwanja unanguruma, nikasubiri ule mlio. Haukuja. Earline akasema, "Ozella, fumbua. Amekaa chini kama mtoto kwenye beseni." Nikafumbua. Yuko kwenye majani, mpira tumboni, na wale majitu wanamruka mikono juu kwa kuogopa kumgusa, filimbi inalia. Nimelia mbele za watu. Sijali. Na kwa sababu wanaiogopa miguu yake wanajibana mbele, nyuma kunakuwa wazi, na ile mikono yake ya kawaida inarusha pasi kama ya mtu mwingine.

Hata hivyo tuko nyuma kwa pointi nne. Dakika zimekwisha karibu zote. Tumefika mlangoni kwao; tukiuvusha mpira mstari wa goli ni pointi sita, tumeshinda.

Sasa hivi, kabla ya radi. Jaribio la tatu kati ya manne. Kakimbia kushoto, njia ikafunguka, mstari alioutaka uko pale pale mbele yake. Akatokea mmoja kati yake na mstari. Mkubwa. Nalijua bega la mtoto yule, nimelisugua tangu yuko mdogo. Nimeliona likishuka. Nimeona kichwa kinaanza kuinama.

Kikainuka. Akakaa chini.

Kakosa yadi moja.

Watu wamezomea. Watu wetu wenyewe, wenye fulana zenye namba yake. Nyuma yangu mwanamume kasema huyu ni mwoga, babu yake angeichukua hiyo yadi na mtu juu. Nimegeuka. Nimemwambia babu yake alikuwa mume wangu, na kama anaitaka sana hiyo yadi ashuke akaichukue mwenyewe. Kavua kofia. Kasema samahani, mama. Kisha nimekaa kama mtu aliyetua ndoo. Wamzomee. Wazomee hadi koo zikauke. Tremaine kainuka mwenyewe, kajipangusa majani, kainama kufunga kamba ya kiatu.

Kocha hakumtoa.

Limebaki jaribio moja. Redio ya gari inabishana. Arushe, hapana, ampe mkimbiaji, hapana, mleteni wa Texas. Shemasi Tubbs kaingiza kichwa dirishani, kalowa chapachapa, kasema yadi moja kwotabeki anaingia nayo mwenyewe katikati, hakuna kingine. Na hapo katikati hakuna kuteleza. Ni lundo la watu. Najua.

Earline kazima redio. Kaniuliza taratibu, "Wewe unasemaje? Akimbie?"

Nimejisikiliza. Nilikuwa nangoja hofu ije inikabe kama kawaida yake. Ipo, lakini imekaa kiti cha nyuma. Mtoto aliyeweza kukaa chini huku mji mzima unamzomea, huyo hahitaji mimi nimfumbie macho.

Nimesema akimbie. Earline kaniomba nirudie, maana mvua inapiga bati. Nimerudia.

Mvua inapungua. King'ora tena. Wanatoka — Shemasi anapiga bodi ya gari kwa kiganja, wanatoka. Wa kwanza ni namba saba. Wetu. Yule wa Texas yuko nyuma, kajifunga koti. Kocha kamshika Tremaine bega, anamwuliza kitu, mdomo sikioni. Tremaine anaangalia goli. Anaitikia kwa kichwa. Anavaa helmeti.

Earline anahangaika na mwavuli, haufunguki. Nimemwambia auache. Nataka kushuka hadi kwenye uzio, anisikie nikimwita: kimbia!