Herufi Saba za Bosi

4 Machi

Kwa Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango. Usimsomee baba, usimdokezee jirani yako fundi cherehani, na ukimaliza, choma. Hili likijulikana, kazi sina. Shikamoo lakini. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kila Jumatatu asubuhi naogopa kwenda kazini, na sababu ndiyo hii.

Hapa masjala ya idara ya maji, ninapopanga mafaili, Bosi wetu hununua jarida la Kiingereza lenye fumbo. Wanatoa herufi saba, moja ikiwa katikati, nawe unatafuta maneno ya Kiingereza yanayoundwa na hizo. Kila neno lazima liwe na ile herufi ya katikati, na katika neno moja hakuna herufi kurudiwa. Mwezi uliopita nilipita na chai, nikamwona amekwama, neno likanitoka mdomoni: "Trade, mama." Tangu siku hiyo ananitupia jarida juu ya mafaili. "Alhamisi, kijana. Maneno arobaini." Mimi napata kumi na mawili, na nusu yake kamusi haiyajui. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini imo kwenye droo yake, haijatiwa saini.

Wewe uliyepanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini, niokoe. Herufi za wiki hii nimeziandika nyuma. Jibu mpe mwuza magazeti, anapita huku kila siku.

Mwana wa kaka yako

5 Machi

Kwa mwanangu mwoga,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Asante kwa kuuliza, mwaka mzima hukuuliza. Barua sijaichoma, kiberiti changu kina kazi nyingine.

Haya, maneno arobaini na matatu. Nimeyapata mezani, kwa herufi nilizoondoka nazo kiwandani. Unazipanga, unazisogeza, neno linajileta lenyewe. Wewe unaikodolea macho karatasi unangoja ikusemeshe. Na huyo Bosi, kwani hana kazi? Maji ya mtaa huu yamekatika tangu Ijumaa.

Shangazi yako

29 Machi

Wee mtoto,

Salamu baadaye. Mwuza magazeti kaniletea jarida. Ukurasa wa kumi na nne kuna Bosi wako, mwanamke wa miwani mikubwa, Bingwa wa Mwezi. Chini yake maneno yangu yote niliyokutumia kila wiki, hata lile lililonitoa jasho siku mbili. Eti huyapata akiwa anaoga!

Nilipanga vitabu vya watu miaka thelathini bila jina langu popote, nikanyamaza, maana ilikuwa kazi. Hii si kazi. Huku ni kufanywa mjinga na mtoto niliyembeba mgongoni. Maneno yamekwisha.

Shangazi yako, bado

2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimejibanza nyuma ya kabati. Nigombeze, una haki. Sikukwambia kwamba anayatuma kwa jina lake, kwa sababu nilijua ungekataa.

Lakini sasa mambo yameharibika zaidi. Meneja Mkuu kaiona ile picha, kafurahi, kaandaa shindano la vitengo vyote vya idara tarehe 16, ukumbini. Bosi kaniandikisha mimi. "Bingwa hashindani na makarani," kasema. "Utaniwakilisha wewe, mwanafunzi wangu." Mwanafunzi wake! Nikishinda, anatia saini siku hiyo hiyo. Nikishindwa, yupo mwingine anayekisubiri kiti changu. Nifanyeje? Nijibu hata matusi.

Mwana wa kaka yako

6 Aprili

Mwanangu,

Chini ya meza yako siwezi kujificha nikunong'oneze, magoti hayakubali. Nakutumia mkebe wa herufi zangu, A hadi Z, moja moja. Zimegeuka kama kwenye kioo, usishangae. Kila siku chagua saba, zisogeze kwa vidole mpaka zikuzoee. Ukipoteza hata moja, usinijie.

Shangazi

17 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Herufi zote ishirini na sita ninazo, nimezihesabu mara tatu.

Jana walizitaja saba, nikazitoa mkebeni, nikazipanga. Late, alert, dental, maneno yalikuja kama ulivyosema. Kengele ilipolia nilikuwa na kumi na tisa, nikajiona dume. Kumbe msoma mita aliyekaa kando yangu anayo thelathini na manne. Akaanza kuyasoma: letter, rattle, tender.

Nikaruka: "Amerudia herufi!"

"Nilitangaza mwanzoni kwamba leo kurudia ruksa," mwamuzi akasema. "Ulikuwa wapi, bwana mdogo?"

Nilimsikia, Shangazi. Ila mezani kwangu kulikuwa na T moja na E moja, na mikono iliiamini meza.

Bosi akainuka mstari wa mbele. "Unanifanyia nini wewe? Kila wiki unaniletea arobaini, leo kumi na tisa?"

Halafu mtu akacheka. Meneja Mkuu akageuka polepole. "Kwa hiyo bingwa ni huyu kijana?"

Bosi akanitazama. Sijawahi kuona macho yake yakiomba. Nilijua nikisema "hapana, ni yeye," saini naipata. Nikisema "ndiyo," labda nakipata na kiti chake.

"Ni shangazi yangu," nikasema. "Mpanga herufi mstaafu. Mimi nilinakili tu."

Saini sikupata. Leo wamenihamishia ghala la mafaili ya zamani, majaribio miezi sita mingine. Bosi kabaki pale pale, ila jarida halinunui tena. Mchana nimewaandikia wahariri jina lako kamili na kazi uliyoifanya. Wakilichapa au wasilichape, sijui.

Barua zako usizipitishe masjala, Bosi atazifungua. Andika: Karani, Ghala la Mafaili, Nyuma ya Pampu. Ukija mwenyewe, ingia geti la mafundi bomba, hesabu milango mitatu mkono wa kulia. Kengele mbovu, gonga dirisha lenye kioo kilichopasuka, gonga kwa nguvu, mafaili yanameza sauti. Nipo saa mbili hadi saa kumi. Kiti ni kimoja, utakaa wewe.

Mwanao