Fisi Mwenye Mwendo wa Kaka

Maguu,
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Kaka Romanus,

Shikamoo. Nimekukosea, kaka. Nimeanza na neno hilo kabla ya kukuuliza hali kwa sababu najijua: nikianza na habari za kahawa na baridi nitafika chini ya karatasi sijalisema. Sasa limeshatoka, basi nikusalimie kama inavyotakiwa. Tumsifu Yesu Kristu. Unaendeleaje huko Lipingo? Mguu unasemaje na hilo joto la ziwani? Mwanao Ottilia na watoto wake wazima? Sisi huku wazima kwa kututazama. Shemeji yako Gertruda anakusalimu sana, ingawa mimi mwenyewe siku hizi haniambii zaidi ya "chakula tayari".

Miwani yako uliisahau kwangu dirishani siku ile ulipoondoka. Nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na barua hii. Tafadhali soma mwenyewe, usimpe Ottilia akusomee. Ningepiga simu, lakini mimi nikiwa na hofu huwa nacheka, na wewe ungedhani natania.

Kahawa yako tunaichuma mimi na Gertruda. Ile ya juu tumemaliza, ya bondeni bado, na nyingine imeanza kukaukia mitini. Nasema hivyo nisije nikakudanganya na hilo pia.

Kaka, unajua jinsi huu mchezo wangu wa kompyuta ulivyoanza. Wewe ndiye uliyesema heri kompyuta kuliko pombe. Hamidu, yule wa duka la vifaa vya simu pale Mbinga mjini, aliniuzia kompyuta yake ya zamani, akanionyesha programu ya kuchonga maumbo na kuyafanya yatembee. Akaniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Tuko wanne tu, watu wazima wote, kila mtu na kazi yake ya kujifurahisha. Hamidu anaandika mchezo wa bao, mwaka wa pili sasa, na bado kete zinajila zenyewe. Yuko nesi mmoja wa Mbamba Bay anachonga samaki wa ziwani, mbasa na mbelele, mpaka magamba unayahesabu. Mimi nikachagua katuni. Fisi anayetembea kwa miguu miwili, kavaa koti, anaiba kahawa kwenye vichanja vya watu akidhani ni karanga. Akishaila hapati usingizi wiki nzima, anabaki kuzunguka kijijini akisikiliza watu wanavyomsengenya.

Kumchonga fisi hakukunisumbua. Kumtembeza ndiko kulikonitoa jasho. Sekunde moja tu inataka picha ishirini na nne, na kila picha mguu usogee kidogo kuliko ile ya nyuma. Fisi wangu alikuwa anateleza kama kawekwa juu ya sabuni. Hamidu aliniambia nisifute kitu, kila nikibadilisha nihifadhi nakala mpya, ndiyo maana kompyuta yangu imejaa fisi: fisi wa mwisho, fisi wa mwisho kabisa, fisi wa mwisho kweli. Wote walikuwa wanateleza. Halafu mwezi wa tano fisi akatembea. Nilipowatumia wenzangu, yule nesi aliandika kwamba mwendo ule uko hai, kwamba mnyama yule ana historia. Kaka, mimi niliyeishia darasa la saba, hakuna mtu aliyewahi kuniandikia neno kama hilo. Nililisoma mpaka simu ikaisha chaji.

Jumamosi ile tuliposali jumuiya kwa mama Benadetha, yeye kama mwenyekiti ndiye aliyesema niunganishe kompyuta kwenye televisheni yake watu waone. Ulikuwepo. Ulikaa kwenye kile kigoda karibu na mlango. Fisi alipotokea, mguu wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukatupwa nje, ukasimama hewani kidogo kama unauliza njia, ndipo ukatua. Mama Benadetha akauliza, "Othmar, huyu fisi wako mbona namjua? Anasali jumuiya gani?" Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Na wewe ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema angalau umepata koti jipya.

Lakini tulipotoka ulinisubiri njiani. Uliniuliza taratibu tu, "Mdogo wangu, yule ni mimi?" Nikakujibu hapana, kaka, mimi sikumwiga mtu, mwendo imeuleta kompyuta yenyewe, programu ndiyo inayopiga hesabu ya miguu. Ukaniangalia, ukasema haya, basi mashine zina mambo. Jumamosi iliyofuata nikalirudia jibu hilo mbele ya jumuiya nzima, tena kwa sauti, ili watu waache kukutania. Nilidhani nimekusaidia.

Yaliyofuata unayajua nusu. Watoto walianza kukufuata njia ya kanisani wakitupa mguu na kuimba kwamba fisi anakwenda misa. Ulikuwa unawatisha kwa fimbo, mnacheka wote. Ile ilikuwa bado michezo. Mwezi wa saba ndipo kahawa ya Ildefonsi ikaibiwa kwenye vichanja, na baada ya wiki mbili ya mama Benadetha mwenyewe. Hapo kicheko kikageuka. Watu hawakusema mbele yako. Mimi walinisemea mbele yangu, wakidhani wananisifu. Ildefonsi alinishika mkono pale kwenye mashine ya kumenyea kahawa akasema, "Wewe bwana, kompyuta yako ina macho. Wewe hukuiambia kitu, yenyewe ikamleta Romanus na kahawa ya watu mkononi. Mtu anaweza kudanganya, mashine idanganye kwa faida gani?" Mwingine akaongeza kwamba kumbe ndiyo maana ufunguo wa stoo ya kikundi chetu cha kahawa hukai nao mbali. Mama mmoja akasema fisi si mnyama wa kawaida, na mtu anayetembea kama fisi huenda hatembei peke yake.

Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, kaka, nikacheka. Nikasema haya mambo ya kompyuta ni magumu. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Ulipomkabidhi katibu ufunguo na kusema unakwenda kuwaona wajukuu, nilikusindikiza mpaka kwenye gari, nikakubebea mfuko, nikakuambia usikae sana. Ulisema utakaa mpaka watu wamchoke fisi. Hawajamchoka. Ile katuni imetoka kwenye kundi letu imeingia kwenye simu za watu, imefika Mkumbi, imefika Mbinga mjini. Siwezi kuirudisha. Simu ya jirani ikilia tu, naondoka barazani. Na Jumatatu ijayo, tarehe 15, kikundi kina kikao. Nimeona ajenda kwa macho yangu: kumwondoa Romanus kwenye utunzaji wa stoo na kulifikisha jina lake kwa mtendaji. Miaka kumi na tisa umeshika ufunguo ule, haijawahi kupungua debe. Jina likishaandikwa kwa mtendaji, unajua mwenyewe, hata mwizi akikamatwa kesho halifutiki.

Sasa nisikilize vizuri, kaka. Kompyuta haikuleta mwendo wowote. Kompyuta haijui kutembea, inafanya unachoiambia. Ule mwendo ni wako, niliuchukua mimi.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Ulikuwa unashuka kutoka kwako na tawi lako mkononi. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimeegemeza simu kwenye dirisha. Nikakupiga video ya sekunde sita. Nikaiweka kwenye kompyuta chini ya fisi, nikamfuatisha goti kwa goti, bega kwa bega, picha mia moja arobaini na nne, siku kumi na moja. Nilikuwa najua kila picha ni nani. Hamidu alinitumia mwendo mwingine wa kuanzia, wa mtu tusiyemjua, mzuri tu. Nikaukataa kwa sababu haukuchekesha. Alipoiona video yako aliniuliza, "Mzee Othmar, huyu umemwomba?" Nikamwambia ni kaka yangu, hana neno.

Na mguu wenyewe ni upi, kaka? Naona aibu kuliandika. Ni ule uliovunjika siku tulipombeba Gertruda kwenye machela, mtoto amekaa vibaya tumboni, mvua inanyesha, ukateleza ukingoni mwa ngolo, yale mashimo ya shamba la mlimani, ukaingia ndani na hukuiachia machela. Mimi nilikuwa mbele, sikuona. Ulitembea na mguu ule mpaka barabarani. Gertruda aliona. Ndiyo maana siku aliponiona nakufuatisha kwenye kompyuta aliniambia nitafute mguu mwingine, nami nikamwambia haelewi sanaa. Tangu uondoke ananiambia sentensi moja tu: "Mwambie mwenyewe, au nitamwambia mimi." Siandiki kwa kumwogopa yeye. Labda kidogo.

Nilikudanganya pale njiani kwa sababu ya lile neno la nesi. Nilitaka liwe langu. Ningesema nimekufuatisha wewe, sifa ingekuwa ya miguu yako. Sikujua kwamba uongo mdogo wa kujitafutia sifa ungegeuka ushahidi. Ningesema kweli siku ile, ungenikaripia, tungekula ugali, yamekwisha. Baba angekuwa hai angetuita wote kwenye sengu, tukae tule sahani moja mbele ya ukoo, na nisingetoka pale bila kusema. Sasa hakuna wa kuniita, lazima nijiite mwenyewe.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata unijibu. Padre nimeshamwona, akanipa kitubio, akasema cha kwake ni kidogo, kikubwa kiko mtaani.

Basi nimeamua hivi. Jumapili hii, tarehe 14, siku moja kabla ya kikao, misa ya pili ikiisha, nitasimama nje ya kanisa mbele ya watu wote, Ildefonsi na mama Benadetha wakiwemo, niseme kwamba nilikupiga video kwa kificho na kwamba nilidanganya. Nimeshamwomba mwenyekiti wa parokia nafasi ya matangazo, amenipa. Najua wengine hawataamini maneno, watasema namkinga ndugu yangu. Kwa hiyo nataka niwaonyeshe video yako na ya fisi kwa pamoja, nisimamishe picha moja moja, waone mkono wangu ulivyopita juu ya mwili wako. Lakini humo ndani ni wewe, na safari hii naomba kwanza. Ukikubali, mwambie Ottilia anipigie kabla ya Jumamosi jioni. Ukikataa, au ukinyamaza, video sitaifungua. Nitasimama na mdomo wangu tu, Jumapili hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Wasalimie wajukuu, na Ottilia mwambie baba yake mdogo anamkumbuka. Gertruda ameweka unga kidogo na maharage kwenye mfuko uliobeba barua hii. Mungu akulinde, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Othmar