Jina Lina Mwenyewe

Wee, upo? Usinicheke.

Unalikumbuka lile jina nililovipa vifaa vya hapa nyumbani? Jina la ukoo wetu, nikalipachika dot com mwishoni. Ukaniuliza, "Umeangalia kama lina mwenyewe mtandaoni?" Nikakujibu ni la humu ndani tu, nani atalijua.

Lina mwenyewe.

Asubuhi hii nilizima kile kiboksi kinachoziambia simu jina lipi ni la kifaa kipi. Nakifuta vumbi tu! Simu ya dada ikaenda kuliuliza jina huko nje, kwenye intaneti. Na huko nje ikajibiwa.

Ukurasa ukamwomba neno la siri la kamera ya chumba cha mama, ile tunayoiangalia hata tukiwa kazini. Akaandika. Likakataa. "Mbona leo imekuwa kaidi?" Akaandika tena. Mara tatu, shoga yangu. Mara tatu!

Nikapiga kelele, "Acha! Kiboksi nimekizima, huo ukurasa si wetu!" Akaitupa simu mezani, kando ya yangu.

Kabla hatujagusa simu yoyote, mama akaita kutoka kitandani: "Wanangu, nani kati yenu anaigeuza hii kamera? Kila nikisogea, inanifuata."