Papa, Ulisema Kinga ao Kingi?

Papa,

Nilifika! Nilifika Walikale kwa kinga yako, nikikanyaga pedali mimi peke yangu, kwa siku moja, na upepo wa kwetu Mushaki ukinipiga usoni tangu alfajiri. Nimewaambia watu wengi tangu nirudi, na wote wanatikisa kichwa tu. Wewe ungeruka. Ungeniuliza kila kilima nilikipandaje, lakini umelala nyuma ya kanisa, hii ni wiki ya tano sasa. Basi nakuandikia. Usione mwandiko umepinda ukadhani nalia. Ni malengelenge ya usukani.

Sawa, nililia kidogo pia.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonitoa nyumbani. Asubuhi ile ulipotuacha nilikuwa nimeenda kuchota maji. Ndani walibaki wawili tu, Baba Mudogo, yaani ndugu yako anayekufuata kwa kuzaliwa, na Shangazi aliyetoka Walikale kuja kukuuguza. Niliporudi na ndoo ulikuwa umeshanyamaza. Baba Mudogo akanishika bega, akanipa neno lako la mwisho: "Alisema, Furaha, Kingi. Njo vile alisema."

Kingi, Papa! Kule kijijini kwa yule mwenye ng'ombe aliyefiwa na mke, aliyekuja mara mbili kuniuliza, nawe mara mbili ukamwambia ungali unafikiri. Nikasema hapana, Papa alisema kinga. Furaha, kinga. Nani hapa kwetu anaita baiskeli jina lingine? Na mdomo uliokauka kwa homa utatenganishaje a na i? Baba Mudogo akanitazama kwa huruma. "Muntu anakufa, atawaza kinga? Na kinga ya mutoto mwanamuke?" Si mtu mbaya, unamjua, hadi leo akikutaja machozi yanamtoka. Lakini alisikia Kingi, na alichosikia kwako ndicho atakachofanya. Akatuma habari kwa watu wa Kingi waje Jumapili, na mambo kama haya yakishaongelewa mbele ya wageni na pombe, hayarudi nyuma.

Aliyebaki kujua ni Shangazi, naye baada ya mazishi alikuwa ameshuka kwake Walikale. Ijumaa, kuku hawajatoka bandani, nikatoa kinga nje.

Nilivaa suruali yako. Usikasirike. Kitenge kilikaa juu yake mpaka nilipoipita nyumba ya mwisho, kisha nikakifunga kwenye portbagaji, nyuma ya siti. Koti ni lako pia, na kifuani, chini ya shati, niliweka gazeti la misheni lililokunjwa mara nne, kama ulivyofanya ukienda kwenye vikanisa vya mlimani. Uliniambia karatasi inashinda sweta. Kweli inashinda, ila inapiga kelele ukihema, kwa hiyo nilipanda kilima chote cha kwanza nikisikia habari za misheni zikikwaruzana kifuani.

Baridi gani ile! Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na upepo ulitoka upande wa malisho ukanisukuma kwenye mtaro mara mbili. Mara ya tatu ukanilaza kabisa, mimi chini, kinga juu yangu, gurudumu likizunguka. Nikacheka peke yangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata sikujua kama nimeshika breki au sijashika. Nikakumbuka zile Jumatatu nyuma ya kanisa ulipokuwa unanifundisha. Hukunishikia siti kama watu wengine. Ulikaa nyuma kwenye portbagaji, katekista mzima na miwani yako, ukasema, "Ukiniangusha tunaanguka wote, basi hautaniangusha." Nilikuangusha mara ngapi? Na kila mara ulikuwa unajipangusa vumbi na kurudia lile lile, "Usiangarie pneu, angaria njia."

Nikaacha kuangalia tairi, nikaangalia njia, ile kidogo iliyoonekana.

Kabla ya kufika Masisi mama mmoja alitokea kwenye ukungu na kikapu cha viazi kichwani. Akaiona kinga. Akaliona koti. Akafanya ishara ya msalaba, kikapu kikaanguka, viazi vikatawanyika barabara nzima. Nikasimama na kumwita, "Mama, usiogope, ni mimi mutoto wake!" Akanisogelea polepole, akanigusa shavu. "Bwana Yezu! Nilizani Katekista amerudi kuniuliza kama niko nasali." Tukaokota viazi pamoja, tukicheka, halafu ghafla hatukucheka tena, na yeye ndiye aliyenifuta uso kwa kitenge chake. Akanipa viazi viwili vya kuchemsha kutoka kwenye chakula chake. Nilivila nikiwa juu ya kinga, mkono mmoja kwenye usukani. Ndiyo, najua ulikataza.

Njia ya kwenda Kingi nilipoifikia sikuitazama. Nilikanyaga pedali kwa nguvu kana kwamba barabara ile ingenyoosha mkono inikamate. Baada ya Masisi ndipo nilipoanza kufurahi sana, Papa. Sijui nikuelezeje. Vilima vinashuka, upepo ukageuka ukawa mgongoni, na kinga ikaanza kwenda bila mimi kuisukuma. Nilipiga kelele. Kantonye waliokuwa wanajaza mashimo ya barabara wakasimama na majembe yao, mmoja akauliza kwa sauti, "Ule iko mwanaume ao mwanamuke?" Mwenzake akajibu, "Iko naenda mbio, njo ile tu!" Nilicheka mpaka kona iliyofuata. Mwaka mzima huu nimekuwa mtoto wa mgonjwa, kisha yatima, kisha msichana wa kuolewa. Pale kwenye mteremko sikuwa lolote katika hayo.

Mchana nilitoa gazeti kifuani, maana joto la msitu lilikuwa limeanza. Lilikuwa limelowa jasho, herufi zimehamia kwenye shati lako.

Jua lilikuwa bado lipo nilipoingia kwa Shangazi. Alikuwa uani anamenya mihogo. Akaangalia nyuma yangu, barabarani.

"Umekuja na nani?"

"Na kinga."

Akainuka, akaizunguka kinga, akagusa matope kwenye tairi, kisha matope ya suruali. Sikungoja hata maji. Nikamwuliza, Shangazi, Papa alisema nini, kinga ao Kingi? Akajipangusa matope mikononi. Halafu akasema, "Furaha, sikusikia. Nilikuwa nageuka kuchukua kitambaa. Sauti nilisikia. Neno, hapana."

Nikakaa chini kwenye maganda ya mihogo. Shangazi akaniletea chakula, na akaanza kuniuliza habari za njia, nadhani ili nisilie tu. Nikamweleza upepo, kuanguka, viazi, kantonye, ule mteremko. Nilipofika kwenye mteremko nilikuwa nimesimama, mikono hewani. Shangazi akaibonyeza portbagaji kwa kiganja. Akasema, "Kesho utanibeba."

Nikambeba! Kwenye vilima alishuka akatembea, akisukuma nyuma na kulalamika magoti. Penye mteremko alisali rozari kwa sauti, na Salamu Maria zake zilikimbia hadi zikagongana. Tulilala Masisi kwa watu wa kanisa. Jumapili tulipofika nyumbani wageni walikuwa wameshaketi, kibuyu kikiwa katikati yao. Shangazi akashuka kwenye portbagaji, hakujipangusa hata vumbi, akasema mbele ya wote, "Nilikuwa pale. Kaka yangu alisema kinga."

Baba Mudogo akamwangalia. Akaniangalia mimi ndani ya suruali yako, akaangalia kinga. Mwisho akasema, "Basi masikio yangu njo ilikosa." Yule wa Kingi akacheka, akasema hatamuoa muntu ambaye yeye hataweza kumufuata kwa mbio. Wakanywa pombe yao, wakaenda.

Unaona, Papa, Shangazi alisema asichokisikia. Anajua yeye, najua mimi, na sasa unajua wewe. Nilijaribu kuona aibu, sikuweza. Kesho naenda na kinga kwenye kikanisa cha kwanza cha mlimani, akina mama wamekubali nije kuwafundisha kusoma.

Lala salama, Papa wangu. Nakuahidi sitaacha kinga ilale nje kwenye mvua, na sitaacha kusali hata kama hakuna wa kuniuliza. Siku nitakapokuja huko uliko usinisalimie kwanza. Niambie ulisema nini. Kama ni kinga, tutacheka pamoja. Kama ni Kingi, nitapiga magoti nikuombe radhi kwa kutokukutii mara hii moja. Lakini sitakudanganya, hata siku hiyo, kwamba najuta.

Mutoto wako,
Furaha