Divai ya Dodoma Ndani ya Chupa ya Mgiriki

Mpendwa Bi Mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana mimi ni karani wa shamba la mkonge hapa Korogwe, naishi Manundu, nina heshima zangu, na miaka ile meneja wetu Mgiriki alipofunga virago aliniachia chupa mbili tupu za divai ya Ulaya zenye lebo za dhahabu, nikazitunza, na tangu hapo kila nikinunua divai nyekundu ya Dodoma, ambayo nakiri kwako peke yako kwamba naipenda mno, ina ukali kidogo mwanzoni halafu inatulia, na kwa nyama ya mbuzi wa Handeni sijaona mfano wake, na bei yake hata karani anaiweza, basi naimimina jikoni kwa faneli ya mafuta ya taa, nimeiosha, ndani ya chupa ya Mgiriki, ndipo nakaribisha wageni, nao husifu, mmoja alilamba midomo akasema hii ndiyo divai, siyo ile ya Dodoma inayochubua koo, nami nikaitikia kwa kichwa.

Sasa umekuja msako wa wahujumu uchumi, na mgeni yuleyule amenichongea kwenye tawi la chama kwamba nakunywa divai ya magendo, wakaja nikiwa kazini, wakachukua chupa moja ya Mgiriki ikiwa na divai, na mke wangu Rosina kwa kunistahi akasema kaletewa na kaka yake Habakuki, dereva wa lori la Tanga, na sasa Habakuki amenyang'anywa leseni, Jumamosi anasimamishwa mbele ya kamati, na watoto wake wanakula kwangu. Nikisema kweli Manundu yote itanicheka. Je, hakuna njia ya kumwokoa shemeji bila kuitaja Dodoma?

Karani, Korogwe

Bwana Karani,

Pole sana kwa mateso ya kunywa kitu kizuri kwa bei nafuu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mhujumu uchumi, sikumwona. Wenzako wanaficha magendo waonekane raia wema. Wewe unaficha uraia mwema uonekane mlanguzi. Hongera, nchi nzima uko peke yako. Na huyo mgeni wako mwenye koo laini, amekunywa Dodoma kwako mara ngapi bila kuchubuka? Ulimi wake unajua kusoma lebo tu.

Bi Rosina alidanganya, amekosea, lakini alifanya hivyo kwa ajili yako. Wewe umekaa kimya kaka yake akiumia, kwa kuogopa kicheko. Hapo sikutanii, bwana. Umenikasirisha.

Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi nenda kwa katibu wa tawi na chupa ya Dodoma ambayo haijafunguliwa, ile ya pili ya Mgiriki, na faneli yako. Mimina mbele yao, waonje, walinganishe na waliyoichukua. Sema kwa mdomo wako kwamba Habakuki hakuleta chochote, na usitoke mpaka waahidi kumrudishia leseni yake. Watacheka, na kicheko kitafika hadi Mnyuzi kabla hujafika nyumbani. Vumilia, hakina kifungo.

Ukitoka hapo, nenda kwa shemeji yako ukaombe radhi, mbele ya watoto wake. Jumapili mkaribishe chakula, na umtangulize yeye kumiminiwa Dodoma, kama bado atakubali kuketi mezani kwako.