Bunduki Iliyokunywa Mafuta Yangu

Mjukuu wangu Nasra,

Asalaam aleikum. Hapa Bawshar tu wazima, alhamdulillahi, ila mjomba wako anapaka nyumba rangi na ananikera niitoe ukutani bunduki ya babu yako. Na wewe sasa waniuliza kwa nini nnakataa.

Tulikuwa hatujatimiza mwaka toka tuhame Unguja kuja huku kwao babu yako. Babu yako akenda sokoni Matrah akanunua bunduki kuukuu ya kuwindia, inayojipakia risasi yenyewe, ili binamu zake wasimwone mgeni. Imejaa mchanga na kutu. Badala ya kuwauliza wenyeji hutiwa mafuta gani, akachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, ya mwisho niliyotoka nayo kwetu, akaisugua bunduki yote, chuma na kitako cha mti.

Asubuhi akenda kuwinda jabalini na binamu zake, baridi ikayagandisha mafuta. Paa kasimama mbele yao, bunduki ikagoma. Akarudi akanambia, "Mafuta yako mabaya."

Siku ya nne nikapanguza kile kitako, nikasikia harufu ya nywele za mama yangu.

Mjomba wako anasema hakinuki kitu. Mwambie aizunguke na brashi yake.

Bibi yako